Wakipimwa presha kazini hawarudi, tufanyeje?

Wakuu habari, niko shamba la maua huku Usa River, tunapima presha wafanyakazi kila miezi mitatu ila wenye 140/90 kwenda juu, yaani presha iko juu, tukiwaambia warudi wapimwe tena hawaonekani, sasa bosi anataka kuifuta programu yote.

Mangi wa Moshi: Asifute bana. Anzeni na pakihausi (pale mnapofungashia maua) peke yake, badilisheni kitu kimoja wiki mbili, hesabuni waliorudi, kikikubali ndo mpeleke kwingine. Ule mzunguko wa Deming, yule mtaalamu wa ubora wa kazi: panga fanya angalia rekebisha.

Nesi mstaafu: Mmewauliza lakini? Sisi tulikuwa tunawaita saa ya chai, nani aache mandazi yake?

Muuliza: Duh, sisi tunawaita saa saba, wako kwenye foleni ya makande 😂 Jumatatu najaribu asubuhi kabla hawajaingia grinihausi.