Naomba ushauri: bima ya safari kwa mama mwenye kisukari

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68 na anayetumia insulini, anatarajia kuja kunitembelea Ujerumani akitokea Tanga kwa viza ya Schengen, ambayo inadai bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Bima niliyoipata inakidhi sharti hilo, lakini kifungu kimoja cha maandishi madogo kinaondoa maradhi yaliyokuwepo kabla ya safari. Nilipompigia wakala, alisisitiza tu kwamba viza itatoka, ilhali ninachohofia ni sukari kumshuka ghafla usiku. Je, kuna aliyepata bima inayolipia dharura ya ugonjwa wa zamani kwa mgeni wa umri huu? Na je, barua ya daktari wake inasaidia? Natanguliza shukrani.