Bakteria wanaokula plastiki: chupa za Mtwara zinaweza kulipa?

mwana_shangani
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu kinaokota chupa za maji kuanzia Shangani hadi Mikindani. Kuna wazo la kuagiza wale bakteria wa Japani, tuwaweke kwenye simtanki la lita 5,000 pamoja na chupa zilizokatwakatwa, tuuze kitakachotoka. Kuna biashara hapo?

kimengenya
Kwa simtanki hapana, mkuu. Huyo Ideonella sakaiensis, aliyetangazwa 2016, alipewa filamu nyembamba ya PET laini (PET ndiyo plastiki ya chupa za maji), na kwenye nyuzi 30 ikamchukua kama wiki sita kuimaliza. Chupa ni habari nyingine. Ikipulizwa kiwandani huvutwa, molekuli zikabanana, na kimeng'enya (protini ya bakteria inayovunja plastiki) kinakosa pa kuingilia. Halafu anakula PET tu. Vizibo, mifuko ya salfeti na nyavu za nailoni mtazikuta vilevile.

Waliosogea mbele wametumia kimeng'enya chenyewe, bila bakteria. Kampuni ya Carbios ya Ufaransa mwaka 2020 walivunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, kwenye nyuzi 72. Ila plastiki iliyeyushwa kwanza, ikapozwa ghafla, ikasagwa. Umeme huo mnao?

mpika_sabuni
Na hajataja costic (sodiamu hidroksaidi, ile ya kupikia sabuni). PET ikivunjika inatoa asidi, pH (kipimo cha asidi) inashuka, kimeng'enya kinalala. Kuishikilia kwenye 8, kilo moja ya PET inameza karibu gramu 415 za costic. Mwishoni unaweka gramu 510 hivi za asidi ya salfuriki ili asidi tereftaliki, mojawapo ya malighafi mbili za PET, ijitenge. Kinadharia unapata gramu 865 za hiyo na 320 za ethilini glikoli, malighafi ya pili. Unabakiwa pia na gramu 740 za sodiamu salfeti (siyo ile ya kubebea mahindi). Zidisha kwa tani, uone chumvi ya kutafutiwa pa kwenda.

mwana_shangani
Duh. Sasa hela iko wapi?

chenga_safi
Kwenye usafi. Hata mwenye kimeng'enya atataka PET isiyo na takataka. Toeni vizibo na lebo, tengeni nyeupe, bluu na kijani, kateni chenga za milimita 10 hivi. Zitieni kwenye ndoo ya maji: PET inazama, vipande vya vizibo vinaelea, unaviengua juu. Kisha osheni kwa costic asilimia 2, nyuzi 80 hadi 85, dakika 15, suuza, kausha.

Za ufukweni zikung'uteni kabla ya kukata, mchanga unamaliza visu. Zilizopauka kwa jua ziwe fungu lake.

Kama hamna mashine, bana robota. Dar ni zaidi ya kilomita 550, na chupa zisizobanwa zinajaza lori la tani kumi kabla hata hazijafika tani mbili. Mnalipia kusafirisha upepo.

mwana_shangani
PVC nayo, ile plastiki nyingine ya chupa, si inazama?

chenga_safi
Inazama, na ndiyo hatari: ikiyeyushwa hutoa asidi inayokula mashine na kuiharibu PET. Itoeni kabla ya kukata. Geuza chupa uangalie kitako: PET ina nukta katikati, PVC ina mstari wa kuungia. Ukiwa na wasiwasi ikunje. PVC inaacha alama nyeupe kwenye mkunjo.