Naomba ushauri: rimu na tairi kubwa kwa Hilux kuukuu

Salamu wakubwa. Nina pikapu Hilux ya 1996, 4x4, dizeli ya 2.8. Mie niko Changamwe, naendea nazi Kaloleni mara mbili kwa wiki. Tairi zake ni 205R16 (upana milimita 205, rimu ya inchi 16) kwenye rimu za chuma, na kutu ya chumvi imeshazila hata upepo hautulii.

Nimeonyeshwa rimu za alumini za inchi 17, nati sita, pamoja na tairi 265/70 (upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo). Gari litapendeza, hilo sibishi. Lakini nimepiga hesabu: kipenyo cha tairi kinatoka milimita 734 hadi 803 hivi. Yaani spidi mita ikisema 80, mimi niko kwenye 87. Na injini hii haina turbo, tairi kubwa zitaizidi kuilemea. Kilima cha Mazeras nikiwa na mzigo tayari naomba Mungu na gia ya tatu.

Jana fundi alinijaribishia moja mbele kushoto. Nilipokata usukani hadi mwisho ikasugua madigadi, krrr, ikaacha alama nyeusi. Yeye ati "kata plastiki kidogo, inua springi, basi." Kukata gari la marehemu baba sitaki.

Je, nibaki na inchi 16 nivae 265/70 (kama milimita 777), au hata hiyo itasugua bila kuinua? Na rimu zinazotokeza nje, ni kweli zinamaliza beringi mapema? Aliyefunga kwenye Hilux ya umri huu anijuze, hasa breki zilikuwaje akiwa na mzigo.