Adui katika hadithi za mizimu: tumpe sababu, au abaki mwovu tu?

MLETA MADA:

Wadau wa uandishi, salaam. Kuna jambo linanikera muda mrefu, leo naliweka mezani.

Hadithi nyingi za mizimu, majini na wachawi ninazosoma siku hizi zina adui mwenye majeraha. Aliteswa utotoni, mkewe aliuawa, alifukuzwa kwao. Mwandishi anatulia hapo, anaamini machozi hayo yamemaliza kazi. Kuna wanaosema adui asiye na sababu ni gogo la kufanyia shabaha. Wengine wanasema ukishamweleza mwovu, umeshamtetea. Mimi ni wa kundi la kwanza, ila kwa sharti: historia ya kusikitisha peke yake haitoshi. Anayetuvuruga moyo ni yule anayetaka kitu ambacho hata wewe ungekitaka, kisha anamlipisha mtu ambaye hakuulizwa.

Nina hadithi yangu ya mzimu wa mkunga. Usiku anaingia kwenye nyumba za wazee, anachota pumzi zao na kuwapelekea watoto wanaozaliwa bila kulia. Mara ya kwanza nilimwandikia kurasa tatu za mateso aliyoyapata akiwa hai. Rafiki yangu akasoma, akanirudishia na neno moja: "Namhurumia, lakini simwogopi." Iliniuma, maana alikuwa sahihi.

Nikafuta kurasa zote tatu, nikaandika usiku mmoja tu. Mkunga amekaa ukingoni mwa kitanda cha mzee, kiganja kifuani pake, anahesabu pumzi kama alivyokuwa akihesabu mapigo ya mtoto tumboni. Blanketi limeteleza. Anamfunika miguu kwanza, kuna baridi. Kisha anachota. Mzee anafumbua macho na kuuliza, "Mbona hukuniomba?" Mkunga hana jibu. Alfajiri, nyumba ya tatu, mtoto analia.

Huenda mzee yule angekubali. Ndiyo maana swali lake linachoma.

Na hapa ndipo nguvu zenyewe zinapohitaji mipaka. Kama mkunga angeweza kuokota pumzi hewani, basi kuwaendea wazee ni ukatili wa kujifurahisha. Lakini kama kila pumzi lazima itoke kwa mtu, ana hesabu ngumu ya kupiga, na msomaji anaipiga pamoja naye. Nimeacha hadithi nyingi katikati kwa sababu hii: uchawi ulikuwa na masharti sura ya kwanza, ukifika sura ya kumi unaweza kila kitu, na uamuzi wote mgumu unayeyuka.

Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI WA KWANZA:

Mkuu, mkunga wako nimemwelewa, ila sikubaliani nawe. Chukua Dracula ya Bram Stoker, riwaya ya mwaka 1897 kuhusu mfu anayenyonya damu za watu. Imeandikwa kwa shajara, barua na vipande vya magazeti, na karibu kila mhusika muhimu ana nafasi ya kusema yake. Dracula mwenyewe hana shajara. Tunamwona kwa macho ya wanaomkimbia na wanaomwinda tu, na mpaka leo anatisha. Mngempa sura moja ya kujieleza, hofu ingekwisha. Halafu kuna hili: wapo wasomaji waliowahi kudhulumiwa na watu wanaojua sana kujieleza. Hawahitaji tena kitabu cha kuwaambia mkosaji naye alikuwa na uchungu.

MLETA MADA:

Hoja yako ya mwisho ni nzito na sitaikwepa. Ndiyo sababu nasema aliyedhulumiwa naye apewe uso na sauti. Mzee wangu ana miguu inayopata baridi na ana swali. Ningemwacha awe kivuli kitandani, ungekuwa na haki ya kusema namtetea mkunga.

Kuhusu kujieleza kuua hofu, nikukumbushe Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818. Kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi anapewa sura kadhaa anasimulia mwenyewe: alivyojifunza lugha kwa kuchungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta, alivyofukuzwa walipomwona. Unamlilia. Lakini katika simulizi hiyo hiyo anakiri kwamba alimuua mtoto William, mdogo wa mwanasayansi huyo, na kwamba alichomeka picha ndogo aliyoitoa kwa marehemu kwenye nguo ya Justine, msichana asiye na kosa, ambaye alinyongwa kwa kosa hilo. Kuua kulitokana na hasira. Picha ile hapana, ile aliifikiria. Shelley angeweza kuificha tuendelee kumpenda, akaitoa kinywani mwa kiumbe mwenyewe. Mimi hofu yangu iliongezeka hapo, kwa sababu nilikuwa nimeshamzoea.

Wahenga walisema mchawi mpe mtoto akulelee. Adui mzuri ni huyo: umeshamkabidhi mwana, umeshamwona akimbembeleza, na bado unajua ni nani.

Dracula nakuachia. Uovu wa kimya upo na una kazi yake. Ila huo ni ufundi mwingine, na wengi wanaouiga wanaishia na meno na joho tu.

MCHANGIAJI WA PILI:

Mimi swali fupi. Huyo mkunga mwishoni anatubu au anaangamizwa? Maana hapo ndipo waandishi wengi wanapoharibu.

MLETA MADA:

Hatubu, na sijamwangamiza. Sura ya mwisho kuna mtoto wa kuokolewa. Safari hii mkunga hapenyi ukutani, anabisha hodi. Anamweleza mwenye nyumba kila kitu na kumwomba, kama yule mzee alivyotaka aombwe. Mwenye nyumba anafikiri, anasema hapana. Mkunga anamshukuru, anangoja apitiwe na usingizi, anaingia.

Niambieni, hapo bado mko upande wake?