Je, makaburi ya mawe ya Ayalandi yalijengwa kwa kulifuata jua?

Mwalimu wa Zamu, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa Mbeya, na juzi tulipokuwa katika Zama za Mawe, tukianzia Isimila kama ilivyo desturi, mazungumzo yalihamia Newgrange, kaburi la kale la Ayalandi lililojengwa yapata mwaka 3200 KK, karne kadhaa kabla ya piramidi za Giza. Siku zinazokaribia tarehe 21 Desemba, ambazo huko ndizo fupi kuliko zote, jua linapochomoza hupenya mpaka chumba cha ndani kabisa. Binti mmoja akasema kwamba hata jiko la bibi yake kule Uyole huingiwa na jua mpaka mafigani siku fulani za mwaka, na fundi aliyelijenga hakutazama anga. Hoja hiyo nimeiona ni nzito. Tutatofautishaje kusudi na bahati? Na kama wale walikusudia, kwa nini huku kwetu jua halikupewa kazi ya namna hiyo?

Mpimaji, Iringa

Mwalimu, binti huyo apewe alama zake, kwa kuwa kama ushahidi ungekuwa mlango ulioelekea kusini-mashariki tu, mimi pia nisingeshawishika. Lakini itazame sakafu. Ujia wa Newgrange una urefu wa mita 19, na sakafu yake hupanda taratibu kadiri unavyoingia, kiasi kwamba mwanga unaopita mlangoni hukomea njiani na haufiki chumbani. Unaofika ni ule unaopita katika tundu jingine, lililojengwa kwa mawe juu ya mlango, ambalo halikuwa na sababu ya kuwapo kwa ajili ya watu kuingia wala kwa ajili ya kubeba paa. Fundi haongezi dirisha juu ya mlango wa kaburi bila kuwa na jambo analolitaka.

Profesa Michael J. O'Kelly, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1962, aliingia chumbani tarehe 21 Desemba 1967 akauona mwali huo kwa macho yake; hudumu kama dakika 17, kuanzia karibu saa 3 asubuhi kwa saa za huko. Siku hizi mwali huingia takriban dakika nne baada ya jua kuchomoza. Mwaka 1989 mwanafizikia wa anga Tom Ray alichapisha hesabu zake katika jarida la Nature, akaonyesha kwamba wakati wa ujenzi, mwinamo wa mhimili wa dunia ulipokuwa mkubwa kidogo kuliko sasa, mwali uliingia jua lilipochomoza tu na kufika ukuta wa nyuma. Hapo bahati inazidi kuwa finyu.

Shamba Darasa, Njombe

Nakubaliana na Mpimaji kuhusu Newgrange, ila naomba tusiuvishe ushahidi huo kila jiwe la Ayalandi. Kaburi jirani, Knowth, lina njia mbili za ndani, moja ya mashariki na nyingine ya magharibi, na husemwa kwamba zinalenga siku ambazo usiku na mchana hulingana. Ukizipima, hazilengi sawasawa. Kwenye duara za mawe mambo ni magumu zaidi. Drombeg, katika jimbo la Cork, ilikuwa na mawe 17. Mhimili wake unaelekea machweo ya Desemba, nami sipingi, lakini mawe 17 hutoa jozi 136, na kila jozi huelekeza pande mbili. Ukiongeza mawio na machweo ya jua, ya mwezi na ya nyota zinazong'aa, utakosaje mstari unaokufurahisha?

Neno «kalenda», ambalo watu hulitumia kwa Newgrange, nalo silipendi. Karibu na tarehe 21 Desemba mahali pa mawio hapabadiliki kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, hivyo mwali huingia siku kadhaa mfululizo. Mkulima hawezi kuchagua siku ya kupanda kwa chombo cha namna hiyo, tena ndani ya chombo chenyewe iliwekwa mifupa ya wafu. Kwa maoni yangu lile jua lilikuwa la marehemu.

Mzee wa Tukuyu

Mwalimu, nimesoma wote nikaona swali lako la pili limeachwa. Jibu lake liko katika latitudo. Newgrange iko karibu nyuzi 54 kaskazini, na mawio ya Desemba huko husogea nyuzi 42 hivi kusini mwa mashariki halisi, kisha kufikia Juni huwa yamehamia nyuzi 42 upande wa pili. Mchana wa Desemba hauzidi urefu wa saa nane. Kwa watu wa namna hiyo, siku ambayo jua linasita na kuanza kurudi ni habari kubwa. Mbeya, karibu nyuzi 9 kusini, mawio husogea nyuzi 24 tu kila upande, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi ni kama saa moja. Nani atachimbua majabali kwa saa moja? Wazee wetu walikuwa na Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho huonekana mashariki jioni za Novemba, mvua zinapokaribia, na hicho kiliwatosha.

Hata hivyo tunacho kitu ambacho Ayalandi haitakipata kamwe: jua la utosini, mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari mawingu yatakuharibia, kwa hiyo ngoja Oktoba. Azima timazi kwa mwashi yeyote, simamisha fito iliyonyooka uwanjani, na kuanzia saa 6:15 mchana waambie wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Karibu saa 6:30 hakitabaki kivuli cha kuwekea alama. Binti wa Uyole ndiye apewe kazi ya kuandika vipimo.