Kikundi cha ukoo: yule mrefu wa Mississippi

*Jumapili, saa 1:40 usiku*

Mama Neema: Habari za jioni ukoo. Neema amerudi mazoezini macho mekundu. Wenzake wanamwita mlingoti. Anasema mpira wa kikapu basi, anarudi kwaya.

Baba Mdogo: Kwani kwaya hawasimami? Si wataonana naye hukohuko 😂

Shangazi Nesi: Wewe umri unaenda, adabu hairudi.

Baba Mdogo: Natania jamani. Kafika futi ngapi?

Mama Neema: Sita kasoro inchi moja, na ana miaka 15. Sketi ya shule nimeshusha pindo mara mbili mwaka huu. Kitambaa kimeisha.

Deo: Shikamooni wakubwa. Shangazi, Neema yupo? Nataka kumsimulia habari za Lusia Harris.

Mama Neema: Yupo humuhumu kikundini, anasoma kimya. Tiki za bluu nimeziona.

Deo: Basi asome. Lusia alizaliwa 1955 Minter City, kakijiji ka Mississippi, Marekani. Futi sita na inchi tatu. Shuleni walimtania vilevile, kwamba ni mrefu tu na hana kingine. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la mwenye ardhi, wakivuna wanagawana naye. Watoto wote walichuma.

Bibi: 🎤 0:52

Mama Neema: Kwa wasio na bando: Mama anauliza kama walichuma kwa mkono. Anasema yeye kachuma pamba Maswa tangu hajavunja ungo, yale makasha makavu yanachana ngozi pembeni ya kucha, na hapohapo unatenganisha safi na fifi, ile ya daraja la chini. Halafu anasema mtu mrefu shambani anateseka kuliko wote, kwa sababu mpamba unamfika kiunoni na kutwa nzima yuko ameinama.

Deo: Kwa mkono, bibi. Na hilo la mgongo sijawahi kulifikiria kabisa.

Deo: Usiku alikuwa anaangalia kikapu kwenye TV. Mama yake akitaka walale, anajifunika blanketi yeye na TV ili mwanga usionekane.

Mama Neema: Deo usimpe mbinu huyu. Simu yake naizima saa tatu.

Baba Mdogo: Sasa akawa nani?

Deo: Subiri baba mdogo. Mwaka 1972 Marekani walipitisha sheria kwamba shule na vyuo vinavyopata hela ya serikali kuu visibague wanawake. Michezo nayo ikaguswa. Chuo cha Delta State, hapohapo Mississippi, kikarudisha timu ya wanawake 1973 na Lusia akaenda. Kikosini mweusi alikuwa peke yake.

Deo: Kocha ndiye wa kusimuliwa. Margaret Wade, mama wa miaka 60. Alichezea chuo hichohicho ujanani, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 uongozi ukaifuta timu, eti mchezo ni mgumu mno kwa mabinti. Wachezaji walilia, wakachoma jezi zao moto. Miaka 40 baadaye chuo kikamfuata, njoo utufundishie.

Shangazi Nesi: Na alikubali?! Mimi ningewaambia kwanza mnilipe jezi.

Deo: 😂 Alikubali. Msimu wa 1974-75 wakacheza mechi 28, hawakufungwa hata moja. Fainali ya taifa wakakutana na Immaculata, mabingwa mara tatu mfululizo. Chuo cha masista kile. Mashabiki wao, masista wakiwemo, walikuwa wanakuja uwanjani na ndoo za kupiga kama ngoma.

Shangazi Nesi: Masista wetu wa bweni ukicheka tu kanisani unafagia uwanja wiki nzima. Hao wanapiga ndoo.

Deo: Delta State 90, Immaculata 81. Lusia peke yake pointi 32 na ribaundi 16, yaani mipira aliyodaka watu wakikosa kikapu. Mwaka 1976 wakachukua tena kwa Immaculata haohao, na 1977 wakawafunga LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. Miaka mitatu, vikombe vitatu. Jumla yake ya chuo ni pointi 2,981 na ribaundi 1,662. Yaani kila mechi weka karibu pointi 26. Mwaka huohuo wa 1977 alifunga 47 New York, Madison Square Garden.

Baba Mdogo: Hapo sawa. Nimekaa vizuri.

Deo: Halafu Olimpiki ya Montreal, 1976, mara ya kwanza wanawake kucheza kikapu Olimpiki. Kikapu cha kwanza kabisa alifunga yeye, dhidi ya Japani. Hiyo mechi Marekani walipigwa, lakini mwisho wakaondoka na medali ya fedha. Dhahabu walibeba Wasovieti.

Mama Neema: Mama anauliza, baada ya hapo alilipwa?

Deo: Hapo ndipo shida inapoanza, bibi. Hakukuwa na ligi ya wanawake ya kulipwa. Mwaka 1977, timu za wanaume za NBA, ligi kubwa ya kulipwa, zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya, New Orleans Jazz wakalitaja jina lake. Raundi ya saba, nafasi ya 137.

Baba Mdogo: Timu ya WANAUME?

Deo: Ya wanaume. Akakataa hata kwenda kujaribiwa.

Baba Mdogo: Aaah! Huyo kachezea shilingi chooni. Mimi ningeenda, hata nikae benchi nile posho.

Shangazi Nesi: Wewe uliyekataa kazi Kahama kwa sababu ya vumbi?

Baba Mdogo: Vumbi la Kahama si la mchezo dada.

Deo: Alikuwa ameolewa mwaka huohuo na ana mimba. Na mwenyewe hakuona kwamba angeweza kushindana na wanaume wa kiwango kile. Wapo waliosema timu ilikuwa inatafuta kiki tu.

Shangazi Nesi: Kiki au si kiki, mlango pekee aliofunguliwa ni wa wanaume. Halafu tunamuuliza mbona hakuingia! Baba Mdogo, wangekuita wewe ukacheze netiboli ya taifa ungeenda?

Baba Mdogo: Posho ipo?

Shangazi Nesi: Huyu mtu 🤦🏾‍♀️

Deo: Alicheza kulipwa msimu mmoja tu, 1979-80, na Houston Angels, na ligi yenyewe haikuchukua muda ikafa. Akarudi kwao kufundisha, shule ileile aliyosoma. WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, inaanza 1997, yeye ana miaka 42.

Mama Neema: Jamani. Kachelewa au kawahi sijui niseme nini.

Deo: Mwaka 1992 wakamwingiza kwenye Jumba la Mashuhuri la kikapu, mwanamke mweusi wa kwanza. Aliumwa pia, baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, na aliisema hadharani. Alifariki Januari 2022. Machi ileile filamu fupi inayomhusu ikachukua Oscar.

Shangazi Nesi: Kuisema baipola hadharani, kizazi kile, si kitu kidogo. Wodini kwetu familia zinaficha hadi kadi ya dawa.

Neema: Shikamooni. Kaka Deo, hizo 47 kulikuwa na mstari wa pointi tatu?

Baba Mdogo: Mlingoti umeongea 😂

Neema: Mjomba 🙄

Deo: Marahaba Neema. Haukuwepo. Vyuo vya wanawake waliwekewa 1987. Yeye alikaa chini ya kikapu, mbilimbili na mipira ya adhabu.

Neema: Basi walikuwa wanampa mpira.

Deo: Muda wote.

Neema: Mimi hawanipi. Nasimama chini pale dakika kumi, wanarushiana wenyewe huko nje.

Mama Neema: Kumbe ndicho kilichokuliza?

Neema: Mlingoti nimeshazoea mama.

Deo: Sikiliza. Usisimame kama unasubiri daladala. Mweke beki mgongoni kwako, magoti chini, mkono wa mbali naye juu, vidole wazi. Na mwite mwenye mpira kwa JINA. Ukiitwa jina huwezi kujifanya hujasikia.

Neema: Hata kama hatuongei?

Deo: Hasa kama hamwongei.

*saa 2:35 usiku*

Baba Mdogo: Kimya tena. Kanuna?

Mama Neema: Yuko uani na mdogo wake, wanarushiana mpira kwa taa ya jirani. Anaita jina la mtoto kama anamfukuza mwizi. Deo, kioo cha dirisha kikivunjika nakutumia bei.