Mzee anataka kuniuzia trekta lake alilolitumia maisha yake yote, ila limelala miaka saba. Nilichukue?

Mkokoteni

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijaingia mkenge.

Kuna mzee tunapakana mashamba, ana Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins, dizeli, silinda tatu. Alilinunua akiwa kijana na hajawahi kumwachia mtu mwingine aliendeshe, hata wanawe. Magoti yalipoanza kumsumbua akaliegesha chini ya mti, na huu ni mwaka wa saba. Juzi kanifuata mwenyewe: "Nakuona unalitupia macho kila ukipita. Njoo tuongee."

Kweli nalitupia macho. Nikaenda. Boneti imepauka, ule wekundu umekuwa rangi ya udongo. Tairi moja la nyuma limekaa chini. Juu ya kiti kuna gunia lililokunjwa vizuri, na gunia lenyewe ni jipya, maana yake mzee bado analibadilisha. Anasema "linawaka hili, halijawahi kunisumbua". Nikamwambia basi tuliwashe, akasema betri imekufa. Bei aliyotaja ni ya trekta linalotembea. Na ana sharti: nisije nikalikatakata nikauza spea.

Mimi si fundi. Najua kubadilisha oili na kutoa hewa kwenye njia ya dizeli, naishia hapo. Nikague nini kabla ya kutoa hela? Na nikilichukua nianzie wapi? Moyo unanituma nianze na rangi.

Spana Kumi na Saba

Rangi iwe kitu cha mwisho kabisa mkuu. Nimeshafungua matrekta yanayong'aa kama kioo, ndani oili imegeuka uji.

Kwenye modeli umepata bahati. MF 135 zilianza kutoka mwaka 1964, zikatengenezwa nyingi mno, na hata MF 240 iliyokuja baadaye ilitumia injini ya ukoo huohuo wa Perkins. Pistoni, ringi, slivu, gasketi, vyote bado vinapatikana. Kwa hiyo injini isikutishe sana. Kinachokula hela kimyakimya ni huko nyuma. Giaboksi, haidroliki (mfumo wa kunyanyulia jembe) na difu vinatumia oili moja, na trekta likikaa nje mvua hupenya kwenye mpira wa mkono wa gia. Mpira ukipasuka, maji yanashuka moja kwa moja. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya nyuma uitazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, au ukilegeza boliti ya chini yakatangulia maji matupu, ujue beringi zimeoga miaka yote hiyo. Bado unaweza kulinunua, ila bei lazima ishuke.

Halafu MSILIVUTE kuliwasha. Watu hufunga mnyororo, wanaingiza gia, wanaburuza. Pistoni ikiwa imeshikwa na kutu utavunja ringi au utapinda konrodi, ule mkono wa pistoni. Toa nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, acha siku mbili, kisha zungusha taratibu kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugoma, hapo mnaweza kuongea bei.

Debe Tupu

Mimi nasema achana nalo. Langu nalo nililinunua hivyohivyo, kwa maneno ya "linawaka hili". Nilianza na klachi tu. Sasa kuifikia klachi ya haya matrekta lazima uligawe vipande viwili, injini huku, giaboksi kule. Likishagawanyika unaona sili inavuja, unasema ngoja nibadilishe na hii. Na hii. Na hii. Mwaka ukaisha trekta liko juu ya magogo na mimi nalima kwa la kukodi.

Kama unataka kulima msimu ujao, kodi. La kukarabati ni la mtu mwenye muda, na awe na moyo wa kutazama vyuma vikiwa sakafuni.

Binti Mkulima

Debe Tupu kasema kweli kuhusu klachi, ila klachi inapimika kabla ya kununua. 135 nyingi pedali yake ina hatua mbili: ukikanyaga nusu trekta linasimama, ukikanyaga mpaka chini PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine za kufungwa) na haidroliki navyo vinakata. Likiwaka, jaribu hatua zote mbili. Kisha nyanyua jembe, zima injini, tazama. Likishuka polepole si kitu. Likianguka papo hapo, au likiwa juu linatikisa kichwa kama mtu anayesinzia, kuna mahali ndani panavuja.

Ila kaka, mimi ningeanza na mzee kabla ya trekta. Mtu aliyekaa na mashine peke yake miaka yote hiyo anajua mambo ambayo huwezi kuyaona kwa tochi. Usimuulize lina tatizo gani, atakujibu halina, na wala hatakuwa anadanganya, maana kwake ameshayazoea. Muulize: ulipokuwa unalima, ulikuwa unafanyaje? Ukiliwasha asubuhi? Ukishuka mteremko?

Gia ya Chini

Ingekuwa MF 35 ya mwanzo, ile ya dizeli ya silinda nne, ningekwambia kimbia. Ile ilijulikana kwa kugoma kuwaka asubuhi ya baridi, mpaka mwaka 1959 wakaiwekea Perkins ya silinda tatu. Hili lako ni mashine ya kazi.

Mambo mawili. Namba iliyo kwenye kibati cha dashibodi ilingane na karatasi zake. Na siku ya kuliwasha toa tangi lote la dizeli ya zamani, osha, weka filta mpya, toa hewa kuanzia filta, uje pampu, umalizie kwenye nozeli. Pampu iliyolala miaka saba inaweza kunata ndani, injini ikawaka ikapanda mizunguko bila kukusikiliza. Toa bomba la chujio la hewa na uwe na ubao bapa mkononi. Ikikataa kuzimika, ziba mdomo wa hewa kwa UBAO, si kwa kiganja wala kwa kitambaa, kitamezwa.

Mkokoteni

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Injini ilizunguka kwa mkono siku ya tatu. Oili ya nyuma nyeupe pepe. Nilimpelekea mzee kwenye chupa, akaigeuza juani, akanyamaza, kisha akateremsha bei mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Tukabadilisha oili, tukasafisha tangi, nikaazima betri. Akakataa katakata mimi nikae kwenye kiti. Akapanda mwenyewe, na magoti yale, huku ameshika mkono wangu.

Likazunguka mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili likakohoa. Mara ya tatu likawaka, moshi mweupe ukatufunika wote wawili, baada ya dakika chache ukaanza kupungua. Mzee anacheka tu. Nikamwambia zima. Sikumsubiri, nikavuta mwenyewe kitufe cha kuzimia, trekta linaendelea kunguruma kama halijaambiwa kitu. Gia ya Chini, ubao wako nilikuwa nao. Nikauziba mdomo wa hewa, ubao ukavutwa ukashikwa kama na mtu, injini ikafa.

Mimi natetemeka. Mzee ananishangaa. "Waya wa kuzimia ulikatika zamani hizo," anasema. "Mimi huwa naliingiza gia kubwa, nakanyaga breki, naachia klachi. Sikukwambia?"

Ndipo nikakumbuka maneno ya Binti Mkulima. Nikachukua daftari, tukakaa chini ya ule mti, nikamwambia mzee wangu tuanze asubuhi, unaliwasha unafanyaje. Kurasa mbili zimejaa! Taa ya kushoto haiwaki mpaka uipige. Tairi la mbele kulia linapungua upepo mwezi ukiisha. Breki ya kushoto inashika kabla ya ya kulia, kwa hiyo kanyaga zote kwa pamoja ila hii kwa huruma.

Nimelichukua. Swali langu sasa ni moja, la ukurasa wa pili. Anasema gia ya tatu hujitoa yenyewe kwenye mteremko, yeye alikuwa anaizuia kwa goti. Nifungue giaboksi au niishi nalo hivyo?

Spana Kumi na Saba

Usiishi nalo. Gia ikijitoa ukiwa na tela nyuma, trekta linakimbia lenyewe, na breki zako ndizo hizo za huruma. Anza na kifuniko cha juu cha giaboksi, tazama springi za kushikilia gia na zile uma za kusukumia. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Meno yakiwa yamelika, hapo ndipo utamkumbuka Debe Tupu.

Waya wa kuzimia ufunge leo.

Debe Tupu

Nipo nasoma tu.

Ila goti? Miaka yote hiyo? Na bado tunajiuliza magoti ya mzee yamefanya nini.